Miungu ya Wagiriki Haikufa kwa Hoja

Tarehe 11 Aprili 1823 Thomas Jefferson, aliyewahi kuwa Rais wa Marekani, alimwandikia barua rafiki yake John Adams. Humo alitabiri kwamba itafika siku habari ya Yesu kuzaliwa na bikira itawekwa fungu moja na ngano ya Minerva kuchomoza kutoka kichwani mwa baba yake Jupita. Miaka 200 imepita na utabiri huo ungali unarudiwa. Leo unausikia vyuoni, mitandaoni na hata vijiweni, kwa lugha ya siku hizi: Zeus alikuwa mungu wa watu wazima wenye akili timamu, wakamchinjia ng'ombe na kumjengea mahekalu, na sasa ni mhusika wa filamu. Thor wa Ulaya ya Kaskazini vilevile. Basi ngojeni, wanasema, miaka elfu mbili ijayo watoto watasoma habari za Musa, Yesu na Muhammad katika kipindi cha fasihi, ukurasa mmoja na Zeus na Thor. Ni suala la muda tu.

Kwa wengi kauli hiyo haidaiwi tena ushahidi. Waumini wanaoambiwa hivyo ama hukasirika ama hunyamaza, na vyote viwili humfanya msemaji ajione ameshinda. Mimi naona ijibiwe, na ijibiwe kwa historia, kwa sababu inajidai kusimama juu ya historia. Nitangulize kusema kwamba mimi ni mtu wa dini. Hata hivyo hoja yangu haimdai msomaji aamini ninachokiamini. Namwomba jambo moja: anayemleta Zeus kuwa shahidi atueleze kwanza Zeus aligeuzwaje kuwa hadithi. Akilieleza hilo kwa ukweli, ushahidi wake unamgeuka.

Simulizi lao linakwenda hivi. Watu wa kale hawakujua radi inatoka wapi, wakasema ni Zeus. Hawakujua kwa nini bahari inachafuka, wakasema ni Poseidon. Baadaye akili zikapevuka, elimu ikapanuka, kila swali likapata jibu lake, na miungu ikakosa kazi. Watu wakaiacha kidogo kidogo mpaka ikabaki michoro kwenye vyungu. Auguste Comte alilipandisha simulizi hili likawa kanuni ya historia nzima ya binadamu: inaanza dini, inafuata falsafa, inamalizia sayansi. James Frazer naye, kuanzia mwaka 1890, akajaza mabuku kwa mifano ya kutoka kila pembe ya dunia kuonyesha ngazi ya namna hiyo. Ni simulizi tamu, na linampa msimuliaji nafasi ya juu kabisa katika ngazi.

Tatizo ni tarehe. Xenophanes wa Kolofoni aliishi karne ya 6 na ya 5 kabla ya Kristo. Ndiye aliyewashutumu Homer na Hesiod kwamba wameibebesha miungu wizi, uzinzi na hadaa. Ndiye aliyesema kwamba Waethiopia huipa miungu yao ngozi nyeusi na pua bapa, na Wathrakia huipa yao macho ya samawati na nywele nyekundu. Yaani ile hoja ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaileta barazani akidhani imezaliwa jana, kwamba binadamu ndiye anayemuumba mungu kwa sura yake, ilitamkwa hadharani na Mgiriki kiasi cha miaka 500 kabla ya Kristo. Mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo, Euhemerus akaongeza kwamba miungu hao walikuwa wafalme wa zamani waliotukuzwa baada ya kufa. Wasomi wa Ugiriki na Roma waliyasoma haya, wakayajadili karamuni, na asubuhi wakaenda hekaluni kama kawaida. Mahekalu yaliendelea kujaa. Kutoka Xenophanes hadi siku ibada hizo zilipopigwa marufuku ni karibu miaka 900. Kama hoja ndiyo inayoua miungu, hoja hii ilikaa karne tisa bila kuua.

Kilichoiua kina tarehe na kina sahihi ya mtawala. Mwaka 382 Kaisari Gratian aliwakatia makuhani wa Roma na wale mabikira watunza moto wa Vesta mapato waliyopewa na dola, na akaiondoa madhabahu ya Ushindi katika ukumbi wa Baraza la Seneti. Miaka miwili baadaye seneta Symmachus aliandika ombi ili irudishwe. Halikuwa ombi la mtu mjinga anayeogopa radi. Alisema kwamba siri kubwa kiasi hicho haiwezi kufikiwa kwa njia moja tu, na akaomba wazee waachiwe mila walizozikuta. Askofu Ambrose wa Milano akalipinga, na Kaisari wa wakati huo akamsikiliza askofu. Tarehe 8 Novemba 392 ikaja sheria ya Kaisari Theodosius. Ukiisoma utaona inavyoingia mpaka chumbani: inakataza kuchinja, inakataza kuifukizia ubani miungu ya nyumbani, inakataza hata kufunga utepe kwenye mti au kurundika madhabahu ya majani na udongo. Nyumba itakayofuka moshi wa ubani huo itataifishwa.

Hakuna dola inayotunga sheria kukataza kitu kilichokwisha kufa. Utepe haupigwi marufuku ila pale ambapo watu bado wanaufunga.

Tusogee Misri, maana huko mambo yanaonekana kwa ukaribu zaidi. Kwenye kisiwa cha Philae, jirani na Aswan, palikuwa na hekalu la Isis. Tarehe 24 Agosti 394, karibu miaka miwili baada ya sheria ile, kuhani mmoja aitwaye Esmet-Akhom alichonga ukutani pale maandishi ya kumtukuza mungu Mandulis. Ndiyo hiyeroglifu ya mwisho yenye tarehe tunayoijua, baada ya maandishi hayo kutumika kwa zaidi ya miaka 3,000. Mwaka 452, makuhani wa kisiwa hichohicho waliandika kwa hati nyingine ya Kimisri, ile ya demotiki, na baada yao hakuna tena. Kwa nini Philae ilidumu wakati mahekalu mengine yamefungwa? Kwa sababu kusini yake walikaa Wablemi na Wanoba, watu waliompenda Isis na waliokuwa na mikuki. Katika miaka hiyohiyo ya 450 walipopatana na jemadari wa Kirumi, walikubali masharti mengi, lakini walidai waachiwe desturi yao: kuvuka kila mwaka mpaka hekaluni, kumchukua Isis wakae naye kwao kwa muda, kisha wamrudishe. Warumi wakakubali.

Fikiri hapo. Dola nzima imekuwa ya Kikristo, Alexandria imejaa wanahisabati na wanafalsafa, na bado watu wanasafiri na sanamu ya mama yao mtoni kwa mkataba wa kimataifa. Hawa hawakuwa wakisubiri sayansi iwafungue macho. Kati ya mwaka 535 na 537 Kaisari Justinian alituma jeshi. Makuhani walitiwa gerezani, sanamu zikapelekwa Konstantinopoli, na ukumbi wa hekalu ukafanywa kanisa la Mtakatifu Stefano. Leo watalii wanapita pale wakisimuliwa kisa cha Isis na Osiris kama ngano nzuri. Ni ngano kwa sababu wenye kuijibu walifungwa. Sijaona hata hatua moja ya safari hiyo ambapo mtu alimthibitishia kuhani wa Philae kwamba amekosea.

Habari za Thor nazo zina historia yake. Aisilandi ilikubali Ukristo katika baraza lake la taifa karibu mwaka 1000. Visa vya Thor na Odin tunavijua zaidi kwa sababu Snorri Sturluson aliviandika mnamo 1220. Snorri alikuwa Mkristo na mwanasiasa. Aliviandika ili washairi vijana wasisahau mafumbo ya ushairi wa zamani, na akaanza kwa kueleza kwamba hao waliodhaniwa kuwa miungu walikuwa watu waliotoka Troya. Kwa hiyo kitabu ambacho dunia nzima inakitegemea kujua “walichoamini” watu wa Kaskazini kimeandikwa na mtu asiyekiamini, miaka zaidi ya 200 baada ya ibada kukoma. Ndivyo visasili vinavyotengenezwa: kwanza ibada inakatwa, ndipo masimulizi yake yanakusanywa na mtu wa upande ulioshinda. Na hata hapo njia haikuwa ya kwenda tu. Mwaka 1972 Waaisilandi wachache waliunda jumuiya ya kuwaabudu miungu hao upya, na mwaka uliofuata serikali ikaitambua kuwa dini. Wanaoza watu na kuzika watu. Anayesema historia inakwenda upande mmoja daima, kutoka dini kwenda hadithi, atafute pa kuiweka Aisilandi.

Nimeanza mbali, lakini jambo hili tunalo nyumbani. Kwa Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda wa pwani ya Kenya, mzee wa chama cha Gohu akifariki huchongewa kigango. Ni mti mgumu, mwembamba, wenye kichwa cha duara, mwili wake umejaa pembetatu na misitari iliyokatwa kwa ustadi, na kingine ni kirefu kumpita mtu. Hupandwa ardhini. Humwagiwa tembo la mnazi, huambiwa shida za nyumba, mvua ikigoma huulizwa. Ukoo ukihama, kigango hakihami. Kuanzia miaka ya 1970 wafanyabiashara wa sanaa walivitamani. Viling'olewa, vikasafirishwa, vikauzwa, na vingi vikaishia katika makumbusho za Marekani, vikiwa vimesimamishwa ukutani na kikadi cha maelezo kando yake. Huko vilikuwa “sanaa ya Kiafrika”, na masimulizi yake yakawa visasili vya kabila fulani. Wakati huohuo, huku Kilifi, palikuwa na watu walio hai wanaoamka usiku kwa ndoto mbaya, wanaouguza watoto, na wanaojua sababu: mzee wetu amechukuliwa. Mwaka 2007 vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa kwa familia yao. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yalitangaza kuvirudisha 30 vilivyokuwa mikononi mwake.

Kitu kilekile, siku ileile, kilikuwa dini Kilifi na kisasili Denver. Muda haukubadilisha chochote hapo. Kilichobadilika ni nani amekishika na nani amenyimwa nafasi ya kusema. Na ukienda leo Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wamijikenda pale Diani, wazee watakufunga kaniki kabla hujaingia msituni, watakukataza kuokota hata jani, na utatii. Misitu ya kaya iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini ilinde isilinde UNESCO, wazee walikwisha kuilinda karne nyingi.

Mpinzani wangu hapa atanirukia na vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani. Atasema: huo si ushahidi ulioua imani? Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ili risasi zisiwapate, risasi zikawapata, na imani ikaisha. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa makini, maana watu walikufa kwayo. Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa vichanga, na vita viliendelea hadi mwaka 1907. Watu walioona risasi zikiua jirani zao walipigana miaka miwili. Kilichowashinda ni njaa iliyopangwa. Kapteni mmoja wa Kijerumani aliandika wazi kwamba ni njaa na ufukara tu vitakavyowatiisha watu wale, na majeshi yakachoma vijiji, mashamba na maghala. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Songea, tarehe 27 Februari 1906, zaidi ya watu 60 walinyongwa, machifu na majemadari wa Kingoni, na kabla ya kitanzi padre aliruhusiwa kuwaendea na kuwabatiza baadhi yao. Ungoni baada ya hapo ukajaa misheni. Nani atakayesimama mbele ya kaburi lile la pamoja pale Songea aseme kwamba hawa walibadili dini kwa sababu walishindwa mdahalo?

Okot p'Bitek wa Uganda aliandika mwaka 1970 kuwashutumu wasomi waliowavika miungu wa Afrika mavazi ya Kigiriki. Shutuma yake ingali na makali. Anayetumia Zeus kutabiri mwisho wa Uislamu na Ukristo hurithi sanduku lilelile la makumbusho: kwanza ziliwekwa humo dini za babu zetu, zikabandikwa kikadi cha hekaya, na sasa nafasi iliyobaki inasubiri za kwetu.

Na hapa siwezi kuwaacha wahubiri wetu, wa msikitini na wa kanisani. Wengi wao wamelijenga sanduku hilo kwa mikono yao. Nimesikiliza mahubiri ambamo ibada za wazee zinachekwa kwa maneno yaleyale ambayo mtu asiye na dini hutumia kumcheka mhubiri: ujinga, woga, hadithi za vizazi visivyosoma. Mhubiri anaona amewatetea watu wake. Kijana aliyekaa safu ya nyuma anachukua kipimo hicho, anatoka nacho nje, na anampimia mhubiri mwenyewe. Ukiamini kwamba dini ya mwenzako si kweli, sema si kweli, na utoe sababu zako. Hiyo ni haki yako, na mimi ninazo zangu. Lakini kumwita mtu aliye hai, anayeomba kwa machozi, kwamba anaishi ndani ya ngano, ni kumfanya maiti kabla hajafa. Hapo Kisutu, katikati ya Dar es Salaam, Wahindu wanasali mbele ya Ganesha asubuhi hii. Maduka ya vitabu duniani kote yanapanga vitabu vya Ganesha kwenye rafu moja na Zeus, ilhali wanaomwomba ni mamia ya mamilioni. Rafu hiyo haisemi lolote juu ya Ganesha. Inasema tu kwamba aliyepanga vitabu hana jirani Mhindu, au anaye na hajawahi kumsalimu.

Sasa mtu mwenye akili atanigeuzia hoja. Kama ni mabavu ya dola yanayogeuza dini kuwa visasili, basi dola kubwa ya kesho inaweza kuzifanyia dini kubwa za leo yaleyale, na utabiri utakuwa umetimia kwa njia nyingine. Nakubali kwamba inawezekana kujaribu. Imeshajaribiwa. Tarehe 5 Desemba 1931 utawala wa Stalin ulilipua kwa baruti Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi mjini Moscow. Mahali pake pakawa bwawa la kuogelea. Mwaka 1937, baada ya miaka 20 ya kufunga makanisa, misikiti na masinagogi na kuua mapadre kwa maelfu, serikali ikafanya sensa na kuweka swali la dini, ikitarajia kujipongeza. Zaidi ya nusu ya watu wenye umri wa miaka 16 na zaidi walijibu kwamba wanaamini. Walijibu hivyo wakimtazama karani wa serikali, mwaka ambao mtu alipotea kwa jambo dogo kuliko hilo. Matokeo yalifutwa, na wakuu wa sensa wakakamatwa, wengine wakapigwa risasi. Bwawa lilifukiwa, na mwaka 2000 kanisa jipya likawekwa wakfu palepale. Albania ilijitangaza mwaka 1967 kuwa nchi isiyo na dini hata moja, ikafunga nyumba zote za ibada. Kufikia mwisho wa 1990 marufuku hiyo ilikuwa imeondolewa, na watu walijaa barabarani kusali.

Kwa nini Theodosius na Justinian waliweza na Stalin akashindwa? Jibu liko Philae. Ibada ya Isis ilishikamana na mahali, na mapato ya hekalu, na ukoo wa makuhani waliokuwa peke yao wanajua kuandika maneno yake. Ukikamata makuhani kumi na kuchukua sanamu, umekamata dini. Ibada za Roma nazo zilikuwa ibada za mji na za dola. Hapakuwa na mtu aliyelazimika kutamka kwamba anamkiri Jupita, hapakuwa na kitabu anachokihifadhi kifuani, hapakuwa na sala ambayo bibi anaweza kumfundisha mjukuu jikoni ikawa imetosha. Dini zilizobaki ni zile zilizojifunza mapema kuishi bila dola. Mwaka 70 Warumi walilichoma Hekalu la Yerusalemu, na pamoja nalo sadaka zote ambazo Torati inaziamuru. Kwa kipimo cha Zeus, hapo Uyahudi ulipaswa kwisha. Rabi Yohanan ben Zakkai na wanafunzi wake wakakaa Yavne, wakaisoma Torati mezani, na Wayahudi wanaisoma hadi leo. Ubuddha ulipoteza takriban nchi yake yote ya kuzaliwa miaka 800 iliyopita, na haujafa. Dini ya Zoroaster ilipoteza himaya nzima ya Uajemi katika karne ya 7. Moto wake ulihamia Gujarati, na kutoka huko Waparsi waliuleta mpaka Zanzibar, ambako mwaka 1946 alizaliwa mtoto aitwaye Farrokh Bulsara. Dunia ilimjua baadaye kwa jina la Freddie Mercury. Alipofariki London mwaka 1991, baada ya maisha ambayo hayakufanana na ya mtu wa dini, aliyemsomea sala za mwisho ni kuhani wa Kizoroasta. Miaka 1,300 na zaidi bila mfalme, na bado kuna mtu wa kukuzika.

Ushahidi mgumu kuliko wote dhidi yangu ni Mani, mwanzilishi wa dini, na nashangaa wapinzani hawamtaji. Alikufa gerezani Uajemi katika miaka ya 270. Dini yake ilikuwa na vitabu alivyoviandika mwenyewe, ilikuwa ya mataifa yote, ilienea kutoka Afrika Kaskazini, ambako Augustino aliifuata miaka tisa, mpaka China. Mwaka 762 ikawa dini ya dola ya Wauyghur. Nayo imekufa. Kwa hiyo kitabu na upana havitoshi kuikinga dini na kifo, na sitadai hivyo. Lakini tazama mambo mawili. Kwanza, ilikufaje? Diocletian aliamuru mwaka 302 viongozi wake wachomwe pamoja na vitabu vyao. Wasasani waliiwinda, makhalifa wa Kiabbasi wakaiwinda, na watawala wa Tang wakaipiga marufuku mwaka 843. Iliwindwa na karibu kila dola kubwa ya zama zake. Pili, ilipokufa haikugeuka kisasili. Hakuna mwalimu anayefundisha “visasili vya Wamani” pamoja na visa vya Herkule. Inafundishwa kama dini iliyokufa, yenye mafundisho yanayoweza kubishaniwa hadi leo: uovu unatoka wapi, mwili una thamani gani. Hata katika kijiji kimoja cha Fujian, China, kuna hekalu la Cao'an ambamo sanamu ya Mani ya karne ya 14 bado inachomewa udi na wanakijiji, wakimwita Buddha wa Nuru. Dini iliyojengwa juu ya hukumu kuhusu haki na dhambi, ikifa, huacha mafundisho. Haiachi katuni.

Kuna wanaosema wao hawangoji dini ife, wanangoja tu masimulizi yake yasadikiwe kama mafumbo: siku sita za uumbaji, gharika, nyoka anayesema. Siku waumini wenyewe watakapokubali hivyo, wanasema, dini itakuwa kisasili hata kama makanisa yamejaa. Siku hiyo ilishapita. Origen wa Alexandria, katika karne ya 3, aliuliza ni mtu gani mwenye akili atakayedhani kwamba palikuwa na siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, zenye asubuhi na jioni, pasipo jua wala mwezi. Alikuwa Mkristo ambaye baba yake aliuawa kwa ajili ya imani, na yeye mwenyewe aliteswa gerezani uzeeni. Aliisoma Mwanzo kama fumbo na hakuacha kusali. Muumini anaweza kubishana na Origen, na wengi wamebishana naye. Lakini anayedhani kwamba dini inasimama au kuanguka kwa nyoka wa Edeni hajawahi kukaa na watu wanaoitegemea wakati wa msiba.

Watabiri wenyewe nao wana kumbukumbu ya kuangaliwa. Mwaka 1822, mwaka mmoja kabla ya barua ile, Jefferson alimwandikia daktari Benjamin Waterhouse kwamba anaamini hakuna kijana aliye hai Marekani ambaye hatakufa akiwa Muunitari, Mkristo asiyeukubali Utatu. Vijana wengi wa kizazi hicho walikufa Wabaptisti na Wamethodisti. Mwaka 1968 mwanasosholojia Peter Berger aliliambia gazeti la New York Times kwamba kufikia karne ya 21 waumini watakuwa vikundi vidogo vilivyojikunyata pamoja kujikinga na ulimwengu usio na dini. Mwaka 1999 alichapisha kitabu akieleza kwamba dunia imebaki na dini kama ilivyokuwa, na mahali pengine imezidi. Berger alikuwa na uungwana wa kukiri. Wanaorudia utabiri wake wa kwanza hawajakifungua kitabu hicho.

Mpinzani ataniambia: nenda Ulaya. Naenda. Sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2021 ilikuta Wakristo ni asilimia 46.2, chini ya nusu kwa mara ya kwanza, na asilimia 37.2 walisema hawana dini. Ni mabadiliko makubwa, na kiongozi wa kanisa anayeyapuuza anajidanganya. Lakini waliotoka kanisani Leeds au Cardiff wametoka tu. Hawajawazuia waliobaki kusali, na ndiyo maana hawawezi kuugeuza Ukristo kuwa kitu cha Philae. Wakati wao wanatoka, wengine wanaingia kwa mlango wa pili. Katika wilaya moja tu ya London, Southwark, watafiti wa Chuo Kikuu cha Roehampton walihesabu mwaka 2013 makanisa 240 ya watu Weusi, mengi yakiwa kwenye ghala, maduka na kumbi za kukodi. Takwimu za taasisi ya Pew za mwaka 2020 zinaonyesha kwamba Wakristo walio kusini mwa Sahara ni karibu asilimia 31 ya Wakristo wote duniani, na walio Ulaya karibu asilimia 22. Waislamu ni kiasi cha bilioni mbili, na ndio walioongezeka kuliko wote katika miaka kumi ya kabla yake.

Mwalimu wa Southwark anayetaka kuufundisha Ufufuo kama kisa cha Persefone atakuwa na mtoto dawati la tatu ambaye mama yake alikesha kwenye maombi Ijumaa, na dawati la tano mtoto aliyefunga Ramadhani. Watainua mikono na kumjibu. Kuhani wa Isis hana mtoto darasani. Anayetabiri kwamba siku moja madawati hayo yote yatanyamaza na atuambie ni dola gani, kwa sheria ipi, itakayoyanyamazisha kutoka Southwark mpaka Sumbawanga.